Mvua za kwanza zimeshuka: vipepeo wa kuangalia ukitembea Mtwara na Lindi

Mvua zikianza tu simu yangu haitulii. Picha za vipepeo zinaingia kutoka Mikindani, Masasi, Nachingwea, mpaka Kilwa huko, huyu anataka jina, huyu anauliza kama ule unga wa kwenye mabawa unapofusha macho (haupofushi, ni magamba madogo madogo ndo yanayoleta rangi), na hakosekani wa kuuliza kama wanauzika. Nimeona niandike hapa mara moja, nikiulizwa niwe natuma linki. Kazi yangu ni wadudu wa mazao, yaani siku nzima nahangaika na mbu wa mikorosho (siyo mbu wa malaria, ni mdudu anayefyonza machipukizi) na wenzake, ila kipepeo ndo aliyeniingiza kwenye fani hii na mpaka leo hatujaachana.

Kwanza habari ya msimu. Ukisoma maelezo ya watu wa Ulaya wanakwambia subiri baridi iishe, jua la Machi likitoka na wewe toka. Sisi huku kusini shida yetu siyo baridi, ni ukavu. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba mwishoni au Desemba unaenda mpaka Aprili, siyo kama Dar au Tanga wenye vuli na masika, na ukishafika kiangazi chenyewe majani yanakauka, porini watu wanachoma moto, kiwavi hana cha kula. Sasa miezi yote hiyo vipepeo wako wapi? Wengine wamo ndani ya pupa, ile hatua ya kiwavi akishajifunga, wamejishikiza kwenye kijiti wanasubiri unyevu. Wengine ni wakubwa kabisa, wana mabawa na kila kitu, ila wamejificha kwenye majani makavu chini na hawazai. Mvua ikipiga hao ndo wa kwanza kutoka, wanapandana, majike wanataga kwenye majani machanga, halafu baada ya wiki nne mpaka sita hivi kizazi kipya kinatoka na hapo ndo utawaona wamejaa mpaka wanagonga vioo vya magari. Kwa hiyo ukitoka siku mbili baada ya mvua ya kwanza ukaona watatu tu usiseme nimekudanganya. Mimi binafsi Januari naipenda kuliko Desemba.

Sasa kosa la wengi ni kumkimbiza kipepeo. Anapita, unamfuata, anavuka uzio wa jirani, umebaki na picha ya uzio. Jua miti kwanza. Kila aina ina mimea yake ambayo watoto wake wanakula, na jike hatagi ovyo, kwa hiyo ukiujua mti unakaa pale unasubiri. Na miti yenyewe siyo ya kwenda kuitafuta mbali.

Anza na ndimu au mlimao wa uani. Pale anakuja Papilio demodocus, mkubwa, mweusi mwenye madoa ya njano ya maziwa, na hata akiwa ananyonya ua mabawa hayatulii. Jike akija kutaga muangalie miguu. Anatua kwenye jani changa, analigongagonga na miguu ya mbele, anaondoka, anatua lingine, maana miguu yake ndo inaonja, inampa taarifa kama huu kweli ni mti wa jamii ya ndimu au ni jani linalofanana tu. Akiridhika anapinda tumbo anaacha yai moja, duara, la njano, anaondoka. Moja tu kwa jani mara nyingi, maana viwavi wakirundikana chakula kitaisha. Rudi baada ya siku chache utakuta kitu chenye rangi ya kahawia na nyeupe, ungeapa ni kinyesi cha ndege, na ndo maana ndege hawakigusi. Akikua anageuka kijani. Ukimgusa hapo anatoa vipembe viwili vyekundu vyekundu nyuma ya kichwa vyenye harufu kali ya machungwa yaliyooza, watoto wa mtaani kwangu wanaupenda huo mchezo kuliko kitu chochote. Najua mwenye kitalu cha miche ya michungwa hapo ataniona mchawi, na kweli mche mdogo wakiwa wengi wanaumaliza, ila mti mkubwa wala hausikii, waache.

Mti wa pili ni mtopetope, ule wa porini, mashamba yaliyolala yamejaa. Huo ni wa kina Graphium. Wengi wao wamelala kiangazi kizima ndani ya pupa kwa hiyo mvua za kwanza ndo saa yao, Graphium angolanus mweupe na mweusi mwenye wekundu chini ya bawa karibu na mwili, na Graphium antheus mwenye michirizi ya kijani na mikia mirefu kama upanga. Wanaruka kwa kasi sana, kuwapiga picha angani sahau. Wa tatu ni mijohoro na ndugu zake, hapo ndo kwa Catopsilia florella, weupe wa kijani kidogo, majike wengine njano, hawa ndo wale unaowaona wanapita kwa mamia wote wanaelekea upande mmoja wakati mwingine siku mbili tatu mfululizo. Wanahama. Ukiwaona andika tu wanaelekea wapi na saa ngapi, hiyo taarifa ina maana.

Ukitembea barabara ya vumbi au pembeni ya uwanja wa mpira, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na mkanda mweupe ndo ninayeulizwa kuliko wote. Anaitwa Danaus chrysippus. Anaruka polepole kama hana haraka na mtu, na kweli hana, kwa sababu kiwavi wake anakula magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa ambayo mengi yana sumu inayogusa moyo, ile sumu inabaki mwilini mpaka anakuwa kipepeo, ndege akimla anatapika, na akishatapika mara moja rangi hiyo haisahau. Sasa kuna mjanja mmoja, Hypolimnas misippus, huyu hana hiyo sumu lakini jike wake amevaa nguo zile zile kabisa, chungwa, ncha nyeusi, mkanda mweupe. Jike peke yake. Dume ni mweusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lenye ukingo wa zambarau unaong'aa ukimuona kwa pembe fulani, watu wanakataa kabisa kwamba hao wawili ni mke na mume.

Kuwatofautisha, angalia bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, dume ndo ana manne, la ziada ni kifuko cha harufu anayotumia kwa jike. Misippus ana doa moja tu, liko juu ukingoni mwa mbele. Ni hilo tu, usihangaike na ukubwa wala mwendo, maana misippus ameiga mpaka mwendo. Kwa simu inatosha, vuta picha karibu hesabu madoa.

Sasa nije kwenye kitu chetu sisi watu wa korosho. Siyo kila kipepeo anataka maua. Kuna kundi zima halina habari na maua, linataka matunda yaliyochacha, utomvu wa mti, hata mavi. Na kusini hapa mvua za kwanza zinakuta msimu wa korosho unaelekea mwisho na mabibo bado yamezagaa chini ya mikorosho yanachacha, yananuka uraka kabisa, ile pombe ya mabibo. Hapo ndo mahali. Watu wengine duniani wanahangaika kusaga ndizi na sukari na pombe kutengeneza chambo, sisi chambo kimemwagika ekari nzima. Nenda saa nne asubuhi kwenye mikorosho mikubwa iliyopakana na pori, tembea taratibu unatazama chini. Charaxes varanes utamkuta amefunga mabawa, anafanana na jani kavu mpaka unamkanyaga, akifungua ndani ni mweupe na ukingo wa chungwa. Kina Charaxes wote ni wanene, wana misuli, wanapigana wenyewe kwa wenyewe juu ya bibo moja, na wakishanyonya sana wanalegea unaweza kumsogelea mpaka sentimita chache. Sisemi wamelewa, ila wewe mwenyewe utasema.

Piga hodi kwanza lakini. Mtu mgeni anayeinama inama chini ya mikorosho ya wenyewe mwezi wa kumi na mbili anaonekana mwizi wa korosho, hakuna maelezo mengine. Kuna bibi mmoja njia ya Newala nilimwamkia shikamoo, nikamweleza natafuta vipepeo, akaniangalia, akasema "marahaba, mjukuu wangu, watafute, ila huo mfuko uache hapa kwangu." Haki yake. Na uliza lini wamepiga dawa, siyo salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, maana hiyo ya miezi ya katikati huko imeshapita, ni zile za wadudu. Shamba lililopigwa juzi hutaona kitu.

Chini ya hiyo hiyo mikorosho kuna wadogo wa kahawia ambao watu wanawaruka, Bicyclus, na mkubwa wao Melanitis leda anayependa kuruka jioni giza likiingia. Usiwaruke. Hawa wana nguo mbili, ya kiangazi na ya mvua. Wa kiangazi upande wa chini wa bawa ni kahawia tupu, kazi yake ni kukaa kwenye majani makavu asionekane. Wa mvua ana madoa ya duara kama macho, meusi yenye kitone cheupe katikati, kwa sababu wakati wa mvua majani ni kijani, kujificha hakufai tena, na anazunguka sana kutafuta mwenza, bora ndege adonoe lile jicho la ukingoni akose kichwa. Ni aina moja, hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, inategemea kiwavi alikulia kwenye joto au kwenye ubaridi. Joto linaleta macho, ubaridi unayafuta. Utafiti mwingi wa jambo hili duniani umefanywa kwa Bicyclus anynana waliotokana na majike waliokamatwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988, yaani hapo ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa, wakapelekwa Ulaya kufugwa maabara. Sisi tunao mlangoni. Na mwanzo wa mvua ndo raha yake, maana unakuta wale wazee wa kiangazi mabawa yamechanika chanika, kisha wiki chache mbele vijana wenye macho makali wanaingia, unawapata wote kwenye shamba moja.

Saa nzuri ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa tano. Mapema kuna umande na mwili wake haujapata joto la kuruka, utamkuta ametandaza mabawa kwenye jua, hapo ndo piga picha. Saa sita joto la pwani lile hata wao wanatafuta kivuli, isipokuwa madume wa aina fulani ambao mchana wanapanda vileleni kusubiri majike, hiyo milima ya mawe ya Masasi ni mizuri sana kwa hilo kama una magoti. Mvua ikikatika na jua likatoka, nenda kwenye madimbwi ya barabarani, wale waliojipanga kwenye tope karibu wote ni madume, wananyonya chumvi, na sehemu ya hiyo chumvi anampa jike wakipandana. Ng'ombe alipokojoa ni pazuri zaidi, samahani lakini ndo ukweli. Ukimsogelea kipepeo inama, na usikubali kivuli chako kimpite.

Misitu ya Rondo na Litipo pale Rutamba ni habari nyingine kabisa, kuna Euphaedra neophron mwenye mkanda wa dhahabu anayetembea chini chini msituni utadhani taa, ila ni hifadhi, ongea na watu wa TFS, wakala wa misitu, kwanza, usijiendee tu na bodaboda.

Kuhusu kuuza, kule Amani Tanga wanakijiji walifuga vipepeo kwa mpango rasmi wakawa wanasafirisha pupa nje, mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai na biashara ikakwama. Kwa hiyo hapana, usikamate, na yeyote anayekwambia kuna mnunuzi anataka umtangulizie pesa mkimbie.

Ukinitumia picha nitumie mbili, mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, na jani au ua alilokaa lionekane. Hasa hawa wadogo wa bluu kwenye kunde, wenye vimkia viwili na madoa ya macho nyuma, anavisugua sugua mpaka unadhani kichwa kiko huko. Mmoja ni Lampides boeticus, wengine wanafanana naye mno, na bila kuona upande wa chini siwezi kukutajia jina hata unibembeleze.