Je, wajua kwa nini roboti ya Mirihi ina kompyuta slo kuliko simu yako?

Perseverance, roboti ya NASA iliyotua Mirihi 2021, imekula zaidi ya dola bilioni 2, lakini prosesa yake inaitwa RAD750 na inakimbia megahezi 200 tu, RAM nayo MB 256. Simu ya bei chee pale Kariakoo inaiacha mbali! Na siyo kwamba hela iliisha.

Ishu ni mionzi. Sisi huku tunalindwa na hewa nzito pamoja na sumaku ya dunia, ila kule vichembe vyenye nguvu vinapenya ndani ya chipu na kuacha chaji vinapopita, na transista za kisasa (vile viswichi vya umeme ndani ya chipu) ni ndogo mno kiasi kwamba chaji kidogo tu inageuza 0 ikawa 1. Hiyo ndo afadhali. Ikigusa pabaya inapiga shoti na usipozima fasta chipu inaungua, afu kuna dozi inayojikusanya taratibu miaka na miaka mpaka transista zinaanza kuvujisha umeme.

Kwa hiyo chipu inaundwa upya iwe sugu, data inawekewa biti za ziada za kukagua makosa, na mara nyingi saketi muhimu zinawekwa tatu tatu zinapiga kura, moja ikikosea mbili zinaishinda. Kupima yote hayo kunakula muda, ndo maana RAD750 ilitoka 2001 ikiwa na muundo wa prosesa za kompyuta za iMac za 1998.

Juno, chombo cha NASA kilichofika sayari ya Mshtarii (Jupiter) 2016, kilienda mbali zaidi, kompyuta zake zilifungiwa kwenye boksi la titani lenye kuta nene kama sentimita 1, boksi zima kama kilo 200. Kamera ikabaki nje, na mwisho wa 2023 picha zikawa zimejaa mistari na chengachenga. Wataalamu wakawasha hita yake mpaka mwisho, wakaipasha moto, na siku chache kabla ya kuupita Io, mmoja wa miezi inayoizunguka Mshtarii, Desemba 30, picha zikarudi safi. Hii mi ndo naipenda kuliko zote.

Sasa kituko, kile kihelikopta Ingenuity kilichoenda na Perseverance kilikuwa na chipu ya simu kabisa, Snapdragon 801, kwa sababu kilikuwa cha majaribio na chipu nyingine sugu ilikuwa inakisimamia, ikigoma inairistati. Kilipangiwa kuruka mara 5, kikaruka 72, na Januari 2024 kilichokimaliza ni kuvunjika propela wakati wa kutua.