Mr. Freeze na "Heart of Ice": yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukimtaja Mr. Freeze, adui wa Batman mwenye bunduki ya barafu, mbele ya watu wanaopenda katuni za Batman, hukosi wa kukwambia kwamba kisa cha mke wake, Nora, kimetoka kwenye filamu ya Arnold Schwarzenegger. Mdogo wangu alinibishia hivyo jioni nzima. Filamu hiyo, Batman & Robin, ilitoka mwaka 1997. Nora alishajulikana kwenye televisheni tangu tarehe 7 Septemba 1992, katika episodi ya "Heart of Ice" ya Batman: The Animated Series, iliyoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Filamu ndiyo iliyoazima.

Wengine husema basi kimetoka kwenye majarida ya katuni. Hapana. Mhusika mwenyewe ni wa zamani kweli. Aliingia kwenye toleo la 121 la jarida la Batman mwaka 1959 akiitwa Mr. Zero, mwizi mwenye bunduki ya barafu, basi. Jina la Mr. Freeze lilikuja na tamthilia ya Batman ya miaka ya 1960, ambako George Sanders, Otto Preminger na Eli Wallach walipokezana kumwigiza. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwa na Nora wala msiba. Dini ndiye aliyempa mke mgonjwa, aliyehifadhiwa kwenye baridi kali hadi tiba ipatikane, na majarida yakafuata nyuma. Mwaka 2012 yakaja kubadilisha kwamba Nora hakuwa mkewe kabisa, ni Freeze tu aliyejiaminisha hivyo. Mabadiliko hayo mimi sijayakubali hadi leo, kwa sababu yaliung'oa moyo wa kisa.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi: eti Freeze ni katili asiye na hisia, na Batman yuko pale kumpiga tu. Anayesema hivyo hakuutazama ule mkanda wa video. Batman anaupata kwenye kumbukumbu za kampuni ya GothCorp. Kwenye skrini anaonekana Dkt. Victor Fries, ndiye Freeze kabla ya kugeuka, akiwa kazini, mkewe amelala ndani ya chombo cha baridi. Mkuu wa kampuni, Ferris Boyle, anaingia na walinzi na kuamuru kila kitu kizimwe, kwa kuwa jaribio linakula fedha za kampuni. Victor anamsihi. Boyle anajifanya kulegea, kisha anampiga teke hadi anaangukia kemikali zake mwenyewe. Tangu hapo mwili wa Victor hauwezi kuishi nje ya baridi. Na Boyle huyohuyo, usiku ambao Freeze anamfuata, yuko kwenye sherehe ya kutunukiwa kwa utu wake.

Hata hivyo mashabiki nao hupitiliza, wakamfanya Freeze mwema aliyeonewa tu. Mwanzoni mwa episodi, mmoja wa watu wake anagandishwa miguu kwa bunduki hiyohiyo ya barafu, na Freeze anamwacha palepale kwenye sakafu. Batman ndiye anayembeba kwenda kumtibu. Dini aliyaweka yote mawili, uchungu na ukatili, ndani ya mtu mmoja, na ndiyo maana uandishi wa episodi hii ulipata tuzo ya Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya vipindi vya mchana. Anayeniambia hii ni katuni ya watoto tu, namwomba aitazame upya.

Kuhusu sauti ya Freeze: wengi hudhani ni mashine. Ni Michael Ansara, mwigizaji mzaliwa wa Syria. Sauti iliongezewa mwangwi kidogo, lakini ule utulivu wa mtu aliyelia hadi machozi yakakauka ni wake. Na anayedhani mwigizaji Mark Hamill aliletwa kuwa sauti ya Joker, adui mkubwa wa Batman, tangu mwanzo, amsikilize Boyle. Ni yeye, na nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Joker.

Tena wapo wanaokumbuka kwamba Batman alishinda kwa kifaa fulani cha kisasa. Alishinda kwa chupa ya chai! Ana mafua, anapiga chafya, na Alfred, mtumishi wake, amemfungia supu ya kuku humo. Freeze akiwa amemshika, Batman anaibamiza ile chupa kwenye kofia ya kioo, supu ya moto inamwagika na kioo kinapasuka. Aliyewahi kumimina chai ya moto kwenye glasi iliyotoka kwenye friji anajua kwa nini: upande ulioguswa na joto hutanuka ghafla, upande mwingine bado umeganda.

La mwisho, kwamba Nora anakufa. Ndani ya episodi, Freeze anaamini hivyo, na sisi tunaamini pamoja naye. Tunamwacha peke yake katika selo ya Arkham, hospitali ya kuwafungia wahalifu wenye ugonjwa wa akili, ameshika kisanamu cha mwanamke anayecheza densi, akimwomba mkewe msamaha kama mtu anayeongea kaburini. Mwaka 1994, katika episodi ya "Deep Freeze", anapelekwa mbele ya chombo cha kioo. Nora yumo ndani, amelala vilevile, na yuko hai.