Sello ikikwaruza, mpigaji hajapotea

Msikilizaji akisikia sello, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa uta, ikikwaruza, ikihema na kugugumia, upesi husema: "Huyu anajipigia tu chochote." Dhana hiyo imeenea sana, nayo si kweli.

Chukua Pression, kazi ya mtunzi Mjerumani Helmut Lachenmann ya mwaka 1969 kwa sello moja. Karatasi yake haielezi sana nota ipi isikike, bali mikono ifanye nini na wapi. Imechorewa sehemu za ala yenyewe, na mpigaji hufuata mistari kujua uta upite mbele ya daraja (kibao kinachoinua nyuzi) au nyuma yake, kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani. Uta ukigandamizwa mno, uzi hauimbi, unasaga. Ukipunguza uzito kidogo tu, msago unakatika na nota ya kawaida inachomoza pasipotakiwa. Kwa hiyo "kelele" hiyo hufanyiwa mazoezi kama skeli (ngazi ya nota) yoyote, na kwa maoni yangu ni ngumu kuliko vipande vingi vitamu.

Sello zikiwa mbili, mtego unaongezeka. Mmoja akishika sauti ya hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde) na mwenzake 222, hutokea mapigo mawili kila sekunde, kama sauti inayoyumba. Utadhani wamekosea kukaza nyuzi, kumbe huenda mtunzi ameyataka hayohayo, na kidole kikiteleza kidogo mwendo wa mapigo hubadilika.

Uhuru upo, sikatai: baadhi ya kazi humwachia mpigaji achague mpangilio au muda. Hata hapo, mara nyingi mipaka imeandikwa.