Flask haianguki parameta ikikosekana

Wiki hii nimepitia kazi ya kijana ninayemwelekeza, programu ya tovuti aliyoiandika kwa Flask, zana ya Python, nikakuta kila mstari unaosoma parameta ya URL (kama `mwezi` kwenye `?mwezi=5`) umewekewa `.get()`, ambayo hurudisha None, yaani hakuna kitu, parameta isipokuwepo. Nikamuuliza kwa nini. "Kaka, bila `.get()`, parameta ikikosekana seva si itaanguka?" Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na limenichosha.

Haianguki. `request.args`, ambamo Flask huweka parameta hizo, si `dict` (kamusi) ya kawaida ya Python. Ni MultiDict ya Werkzeug, maktaba ambayo Flask imejengwa juu yake, na ukiandika `request.args['mwezi']` wakati mwezi haupo, hitilafu inayotoka ni BadRequestKeyError, ambayo ni KeyError (ufunguo haupo) na BadRequest (ombi baya) kwa pamoja. Flask inaipokea na kumrudishia mteja 400, yaani ombi lake lina kasoro. Hilo ndilo jibu sahihi, na umelipata bila kuandika chochote cha ziada.

Najua hofu inatoka wapi. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2018, ukiwasha debug, yaani hali ya kusaka hitilafu, Flask huiachia hitilafu hii ipande hadi kwenye skrini ya debaga. Unaona traceback ndefu, ile orodha ya mistari iliyofikisha kwenye hitilafu, na unaamini programu imekufa. Zima debug, jaribu tena kwa `curl`, zana ya kutuma maombi kutoka terminali, utaona 400. Waliotoka Django, zana nyingine ya Python ya tovuti, nao wana sababu, kwani kule `request.GET['mwezi']` isiposhughulikiwa huishia 500, yaani hitilafu ya seva. Lakini hii ni Flask.

Sasa kinachoniudhi hasa. `.get()` haitatui tatizo la parameta kukosekana, inalificha. Niliwahi kuitwa usiku na mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mwanachama alitumiwa kiungo cha taarifa yake kwa SMS, kiungo kikakatika kwenye alama ya kuuliza, akabofya kile kipande kilichobaki. Msimbo ulikuwa hivi:

`m = request.args.get('mwanachama')`
`if m: q = q.filter_by(mwanachama_id=m)`

`m` ikawa None, kichujio kikarukwa, na yule mama akaona akiba na mikopo ya kikundi kizima. Kwenye logi kuna 200, yaani ombi limefanikiwa, safi kabisa. Mabano ya mraba, `request.args['mwanachama']`, yangempa 400 na siri za watu zingebaki salama.

Tena kuna `request.args.get('kiasi', 0, type=int)`, inayogeuza thamani kuwa namba na kuweka 0 ikishindikana, ambayo watu huisifu kwa ufupi wake. Mtu akiandika 5,000 yenye mkato, kama sote tunavyoandika pesa, `int()` inakataa kwa ValueError, Werkzeug inaimeza, nawe unapokea 0. Aliyesahau kuandika, aliyeacha wazi na aliyeandika kwa mkato wote wamekuwa sifuri, na huna tena njia ya kuwatofautisha. Na usithubutu `type=bool`, ya kugeuza kuwa ndiyo au hapana: `bool('false')` ni True, kwa kuwa ni maandishi yasiyo tupu.

Je, `.get()` ifutwe? Hapana. `get('ukurasa', 1, type=int)` naiandika kila siku, maana atakayeandika ukurasa wa "abc" akipelekwa wa kwanza hajadhurika. Thamani ya kuanzia iwekwe pale tu ambapo kutotaja kuna maana inayojulikana.

Panaponipa shida hadi leo ni `?mwezi=`. Fomu ya GET hutuma sehemu hata kama mtu hakuijaza, kwa hiyo parameta ipo, ila ni maandishi matupu, na mabano ya mraba yanaipitisha bila neno. Kwenye utafutaji naihesabu kuwa haipo. Kwenye kitambulisho cha mtu naikataa. Kwenye tarehe nimeshabadili msimamo zaidi ya mara moja, na sidhani nimefika.

Tena ile 400 ya Flask, debug ikiwa imezimwa, haimwambii mteja ni parameta gani imekosekana. Kwa hiyo kwenye kurasa zinazofunguliwa na watu wenyewe nakagua kwanza, kisha naandika `abort(400, 'Namba ya mwanachama haipo kwenye kiungo, fungua tena SMS yako')`. Kijana wangu amebadilisha mistari tisa, na kwenye miwili tumekubaliana `.get()` ibaki.