Kundi la Risasi: tungamo lilipoachana na gesi

Nikiulizwa ni ushahidi gani wa maada nyeusi, yaani maada isiyoonekana tunayoitambua kwa mvutano wake tu, unaonishawishi kuliko wote, nataja Kundi la Risasi, au 1E 0657-56 kwenye orodha zetu: makundi mawili ya galaksi yaliyogongana na kupenyana, yapata miakanuru bilioni 3.7 kutoka hapa.

Sehemu kubwa ya maada ya kawaida katika kundi la galaksi haimo ndani ya nyota. Imo kwenye gesi ya moto mkali iliyotapakaa kati ya galaksi, nayo hutoa eksirei ambazo darubini ya Chandra huzinasa. Makundi yalipogongana, gesi ya huku na ya kule zilikumbana, zikapunguza mwendo na kubaki katikati. Galaksi zenyewe zilipishana tu, kwani nafasi kati yake ni kubwa mno.

Sasa tungamo, yaani wingi wa maada yote ya makundi hayo, liko wapi? Pasipo maada nyeusi, lingekuwa kwenye gesi.

Hapo ndipo lenzi ya mvutano inapoingia. Tungamo hupinda njia ya mwanga, kwa hiyo galaksi zilizo mbali nyuma ya kundi huonekana zimevutika kidogo kulizunguka. Ni kidogo kweli, asilimia chache tu. Tena galaksi nyingi ni duaradufu tangu asili. Ukiitazama moja huwezi kujua ni lenzi au ndivyo ilivyo. Ndiyo maana tunapima nyingi sana: maumbo ya asili yameelekea kila upande, hivyo kwenye wastani yanafutana, na mpindo wa lenzi unabaki.

Kazi inayochosha ni ya kupima nyota zilizomo kwenye picha hizohizo. Nyota ilipaswa kuonekana nukta, lakini hewa na vioo vya darubini huitanua, na kasoro hiyohiyo imeziharibu galaksi. Lazima tupime umbo la nyota katika kila pembe ya picha, kisha tuiondoe kasoro hiyo kwenye galaksi. Ukizembea hapa, utachora ramani ya kioo chako ukidhani ni ya maada nyeusi.

Mwaka 2006 mwanaastronomia Douglas Clowe na wenzake, kwa kutumia darubini ya angani ya Hubble na darubini za Chile, walionyesha vilele viwili vya tungamo vikiwa kwenye galaksi, mbali na gesi. Wanaotaka kurekebisha sheria za mvutano badala ya kukubali maada isiyoonekana wana kazi nzito hapa, kwa maoni yangu. Na kwa kuwa maada hiyo ilipita bila kukwama kama gesi, tunajua pia kwamba chembe zake hazigongani kwa urahisi. Darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, sasa inapima maumbo ya galaksi kwa njia hiihii katika takriban theluthi moja ya anga.