Baada ya UMITASHUMTA: kumlea mkimbiaji chipukizi Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, zikimalizika, wazazi na walimu wa huku kwetu Mbeya, Njombe na Iringa huniuliza swali lile lile: mtoto ameshinda mita 800 au 1,500, sasa tumpeleke wapi? Mimi kama kocha wa riadha simpeleki popote kwanza. Nauliza amezaliwa lini, ameongezeka urefu kiasi gani mwaka huu, anakula nini, na kutoka nyumbani kwao hadi shuleni ni umbali gani.

Ushindi wa miaka 13 hauniambii mengi. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na 14. Kwa hiyo kwenye mstari wa kuanzia utakuta mvulana aliyekwisha balehe amesimama na mwenzake ambaye hata sauti haijabadilika. Wa kwanza atashinda, na ndiye atakayechukuliwa kambini. Yule mdogo aliyemaliza wa tano, mwenye hatua nyepesi na anayezidi kukaza mita 100 za mwisho, anarudi nyumbani na hakuna anayeandika jina lake. Mimi ninaliandika, na miaka mitatu baadaye mara nyingi ndiye ninayemtafuta.

Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, na hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Msichana aliyekuwa anawaacha wavulana darasa la tano anabalehe, mwili unaongezeka uzito, nyonga zinapanuka, na muda wake unasimama palepale mwaka mzima, pengine unarudi nyuma. Walimu wanasema amekuwa mvivu. Si uvivu, mwili unajijenga upya, na akivumiliwa kasi hurudi. Hatari ni pale anapoambiwa apunguze kula. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi, na hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo mifupa inaanza kudhoofika. Hapo mazoezi yapunguzwe, chakula kiongezwe, aonwe na daktari. Kambi yoyote yenye wasichana iwe na mwalimu wa kike ambaye wanaweza kumwambia mambo haya bila aibu. Kwangu hilo halina mjadala.

Wazazi wenye haraka hunitajia Filbert Bayi. Ni kweli, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 akiwa na miaka 20 tu. Lakini mtazameni na Alphonce Simbu. Alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017 akiwa na miaka 25, na dhahabu Tokyo mwaka 2025 akiwa na 33, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mtoto wenu wa miaka 14 ana muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Mwinuko tunao. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete kuna vijiji vilivyo juu zaidi. Hewa hii nyepesi inawasaidia watoto wanaokulia humu, ila inawadanganya wanaochagua timu. Mita 1,500 zilizokimbiwa Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya zitakuwa na muda mbaya kuliko zilizokimbiwa Dar es Salaam, kwa mtoto yule yule mwenye uwezo ule ule. Mita 100 ni kinyume: hewa nyepesi inampunguzia mkimbiaji upinzani kidogo. Tena anayeshuka pwani kushindana anahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Kumshusha leo usiku akimbie kesho mchana ni kumwonea.

Mazoezi yenyewe si siri. Kwa miaka 13 na 14 siku tatu au nne kwa wiki zinatosha: vilima vifupi, kuruka, kupokezana vijiti, kasi ya mita 60 na mapumziko ya kutosha katikati. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapotuuma, kupasha misuli kuchukue muda mrefu kuliko kawaida. Mtoto anayeishi kilomita tano kutoka shuleni na kwenda kwa miguu tayari ana kilomita kumi kwa siku, basi zihesabiwe. Pima urefu wake kila baada ya miezi mitatu, alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango inatosha. Akirefuka kwa kasi na kulalamika maumivu pale penye kinundu chini ya goti, au kisiginoni, punguza kuruka na kukimbia kwenye ardhi ngumu mpaka yatulie.

Chakula kinanishughulisha kuliko mazoezi. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu ya kubeba oksijeni, na sisi wa Rungwe na Mufindi, wakulima wa chai, tunashushia chai ya rangi juu ya ugali na maharage. Chai inazuia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Isogezwe mbele saa moja au mbili, mezani pawe na chungwa au pera, na dagaa wa Kyela wakipatikana ni bora zaidi. Mtoto anayechoka mapema, anayehema isivyo kawaida na ambaye muda wake unashuka bila sababu, apelekwe kituo cha afya akapimwe wingi wa damu kabla ya kuongezewa mazoezi. Apimwe na minyoo ya safura, maana inaingilia kwenye ngozi ya nyayo, na wengi wetu tunakimbia pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Vidonge vya chuma asipewe bila kipimo.

Kuna na hela za mbio za barabarani. “Mwalimu, wenzake wanakimbia kilomita 21 wanarudi na pesa.” Namwelewa mama anayesema hivyo, ada na sare anazijua yeye. Lakini mtoto wa miaka 14 anayezungushwa kwenye mbio za watu wazima kila mwezi huumia ugoko na kuchoka moyo kabla kasi yake haijajengwa, na kasi ikichelewa sana kujengwa ni kazi kuipata. Kilomita tano za sherehe na wenzake, sawa. Nusu marathoni, hapana.

Ninachowaomba walimu wa shule za msingi ni daftari moja kwa kila mkimbiaji: tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, urefu, muda wa kila shindano na mahali lilipofanyika, majeraha aliyopata. Akiingia kidato cha kwanza mwezi wa kwanza, mzazi alichukue daftari hilo amkabidhi mwalimu wa michezo wa shule mpya, mkononi, na namba ya simu ya mwalimu wa zamani iwe imeandikwa kwenye jalada.