Dubai–Guangzhou: dhana potofu kuhusu umbali na saa za safari

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou kwa kuunganisha ndege Dubai wanaizoea njia hii, lakini ubishi kuhusu saa zake hauishi.

“Kurudi ni karibu kuliko kwenda.”
Hii ndiyo inayonasa wengi, na chanzo ni tiketi yenyewe. Tuseme ndege inaondoka Dubai saa 4:40 asubuhi na kutua Guangzhou saa 4:00 usiku. Ukihesabu harakaharaka unapata saa 11 na dakika 20. Ya kurudi inaondoka saa 6:15 usiku na kufika Dubai saa 11:00 alfajiri, yaani saa nne na dakika 45 tu! Ila kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Kwa safari ya kwenda, toa hizo 4: zinabaki saa 7 na dakika 20. Kwa ya kurudi, ziongeze: unapata saa 8 na dakika 45. Kumbe iliyoonekana fupi ndiyo ndefu.

“Umbali ni uleule, basi muda nao ulingane.”
Umbali ni uleule kweli, takriban kilomita 5,800 kwa njia fupi kabisa. Tatizo ni upepo. Kimo cha mita 10,000 na zaidi kuna mkondo wa hewa unaovuma kwa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki. Miezi ya baridi ya huko, mkondo huo hupita kusini mwa Himalaya, jirani kabisa na njia hii, na unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda China anasukumwa. Anayerudi anapambana nao.

“Dunia inazungukia mashariki, kwa hiyo ukienda magharibi mji unakufuata.”
Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Hakuna mji unaokufuata.

“Rubani anazunguka bure.”
Kwenye skrini ya kiti, mstari wa safari hupinda kuelekea kaskazini. Ramani ni bapa, dunia ni mviringo: njia fupi kati ya miji hii hupanda hadi karibu na kusini mwa Nepal. Ingawa, tusitie chumvi, hapa inaokoa kilomita kama 50 tu.

“Ndege zinaikwepa Tibet kwa kuwa milima imezizidi kimo.”
Everest ina mita 8,849, na ndege kubwa za abiria huruka mita 10,000 hadi 12,000. Hofu ni kupotea kwa mgandamizo wa hewa ndani ya ndege. Hapo rubani hutakiwa kushuka haraka hadi mita 3,000 hivi, abiria wapumue bila barakoa, ambazo oksijeni yake ni ya dakika chache. Sasa utashukia wapi, wakati uwanda wenyewe wa Tibet una wastani wa zaidi ya mita 4,000? Zinazopita huko, zikiwemo za kwenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet, hujiandaa kwa oksijeni ya ziada.

“Kilomita za kwenye simu ndizo zinazorukwa.”
Simu hupima mstari tu. Mwaka 2019 Pakistan ilipofunga anga lake, kuanzia mwisho wa Februari, ndege nyingi zilizokuwa zikikatiza huko zililazimika kuzunguka, na vizuizi havikuisha hadi Julai.